Raia, Mtawaliwa na Mzalendo: Swali la Uraia katika Siasa za Uingereza

Tarehe 23 Juni 2016 Uingereza ilipiga kura ya maoni kuamua kama itabaki katika Umoja wa Ulaya au itajitoa. Asilimia 51.9 ya waliopiga kura walichagua kujitoa. Mengi yameandikwa juu ya matokeo hayo, lakini machache juu ya daftari la wapiga kura wenyewe. Mtanzania aliyekuwa akiishi London kihalali, awe mwanafunzi au muuguzi, alikuwa na haki ya kupiga kura ile. Hali kadhalika Mkenya, Mganda, Mhindi na Mjamaika. Mjerumani aliyekaa katika mji ule ule miaka thelathini, akalipa kodi na kulea watoto wake humo, hakuwa na haki hiyo asipokuwa amechukua uraia. Miongoni mwa wageni waliotoka nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, ni watu wa Ireland, Malta na Cyprus tu walioruhusiwa.

Anayetafuta sababu yake hataipata katika nadharia yoyote ya demokrasia. Ataipata katika historia ya Taji. Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, na sheria ya uchaguzi ya Uingereza ingali inawahesabu raia wa Jumuiya hiyo kana kwamba ni jamaa ya mfalme mmoja. Mabaki ya utii wa zamani yalikuwa na nguvu kuliko miaka thelathini ya ujirani.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea na lina maana gani kwa mjadala wa uzalendo ambao wanasiasa wa Uingereza wamekuwa nao kwa zaidi ya nusu karne. Hoja yangu ni kwamba nchi hiyo ilijenga kwanza utii, ikachelewa mno kujenga uraia, na ilipoujenga iliujenga mlangoni, yaani katika sheria za kuzuia watu wasiingie. Kwa hiyo kila mara viongozi wake wanapowadai raia uzalendo, wanadai jambo ambalo sheria yao haikupata kulieleza, na wanawadai wengine zaidi kuliko wengine.

Kabla ya kuendelea yafaa kusema neno juu ya majina. Sisi wasemaji wa Kiswahili huita "Uingereza" ufalme wote pamoja na ile sehemu yake kubwa ambayo wenyewe huiita England. Mskoti akiitwa Mwingereza huweza kuudhika, naye ana haki. Vitabu vyetu vya historia vimemfanya David Livingstone kuwa Mwingereza kwa muda mrefu, ingawa alizaliwa Blantyre, Uskoti. Katika makala hii "Uingereza" ni ufalme wote, na sehemu ile nitaiita England.

Mtawaliwa kabla ya raia

Neno letu "raia" tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo shina lake ni lile la kuchunga. Raia, kwa asili, ni kundi lililo chini ya mchungaji wake, yaani watu walio chini ya mtawala. "Mwananchi" ni neno la namna nyingine kabisa: hapo mtu amefungamanishwa na nchi kama mtoto na mzazi wake, na mtawala hatajwi. Katika "mzalendo" nako husikika kitenzi "kuzaa". Tofauti hii ya maneno inatusaidia, kwa sababu sheria ya Uingereza ilimjua raia kwa ile maana ya kwanza tu kwa karne nyingi.

Kesi iliyoweka msingi iliamuliwa mwaka 1608 nayo huitwa kesi ya Calvin. Mwaka 1603 Mfalme James wa Sita wa Uskoti alirithi pia kiti cha England, naye akawa mfalme mmoja mwenye falme mbili. Je, mtoto aliyezaliwa Uskoti baada ya hapo ni mgeni akiwa England, au si mgeni? Kesi ilifunguliwa kwa jina la mtoto mdogo, Robert Calvin, kuhusu haki ya kumiliki ardhi. Mahakimu waliamua kwamba si mgeni, kwa kuwa amezaliwa katika utii wa mfalme yule yule. Utii ni kifungo kati ya mtu na nafsi ya mfalme. Lugha, desturi na Bunge havihusiki.

Kanuni hiyo ilikuwa pana ajabu. Dola ilipoenea, kila aliyezaliwa katika makoloni ya mfalme, Kingston au Calcutta, alikuwa mtawaliwa wake sawasawa na aliyezaliwa London. Usawa huo, bila shaka, ulikuwa wa utii na haukuwa wa haki. Lakini kisheria hapakuwa na taifa la Waingereza lenye mipaka. Palikuwa na mfalme na watu wake.

Hata mwaka 1945 hapakuwa na kitu kiitwacho uraia wa Uingereza. Uliletwa kwa kushurutishwa na Kanada, ambayo mwaka 1946 ilitunga sheria ya uraia wake yenyewe. Ikiwa Kanada ina raia wake, Uingereza nayo ilipaswa kusema wake ni nani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1948, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1949, haikusema kwamba ni watu wa visiwa vile peke yao. Iliunda "uraia wa Ufalme wa Muungano na Makoloni", uraia mmoja kwa mtu wa Manchester na mtu wa Jamaika.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ataona ramani yake ikigawanyika kwa namna ya kushangaza. Aliyezaliwa Nairobi, katika Koloni la Kenya, alikuwa raia wa aina hiyo. Ukanda wa pwani ya Kenya ulikuwa himaya tu, kwa kuwa ulikodishwa kutoka kwa Sultani, na wenyeji wake kwa kawaida walikuwa "watu walio chini ya ulinzi wa Uingereza", hadhi iliyo chini ya uraia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Zanzibar. Tanganyika, iliyokuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, nayo iliwekwa katika fungu hilo. Majirani wa damu moja walikuwa na hadhi mbili kufuatana na mkataba uliowakuta babu zao. Yumkini wengi hawakujua kabisa. Tutaona baadaye kwamba tofauti hiyo haikuwa ya karatasi tu.

Mwezi Juni 1948, sheria hiyo ikiwa ingali bungeni, meli iitwayo Empire Windrush ilitia nanga Tilbury, karibu na London, ikiwa na abiria zaidi ya 1,000, wengi wao kutoka visiwa vya Karibi. Magazeti yaliwaita wahamiaji. Kwa sheria iliyokuwapo hawakuhamia nchi ya kigeni. Walikuwa watawaliwa wa mfalme waliotoka sehemu moja ya milki yake kwenda nyingine.

Siku tatu za mwaka 1968

Mlango ulianza kufungwa mwaka 1962, kwa sheria iliyowataka watu wa Jumuiya ya Madola wawe na vibali vya kazi. Lakini sheria hiyo iliacha nafasi moja: mwenye pasipoti iliyotolewa na serikali ya London yenyewe, si na serikali ya koloni, hakuguswa.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wenye asili ya Asia ambao hawakupata uraia wa Kenya moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuuomba. Wengi hawakuomba. Walibaki raia wa Ufalme wa Muungano na Makoloni, na kwa kuwa koloni halikuwapo tena, pasipoti zao sasa zilitolewa na ubalozi kwa niaba ya serikali ya London. Nafasi iliyoachwa mwaka 1962 ikawa njia yao. Mwaka 1967 serikali ya Kenya ilipitisha sheria mbili, moja ya uhamiaji na nyingine ya leseni za biashara, ambazo ziliwabana wasio raia katika kazi na maduka. Watu wakaanza kuondoka, na idadi yao ikaongezeka kadiri uvumi wa sheria mpya ya London ulivyoenea.

Uvumi ulikuwa wa kweli. Mwishoni mwa Februari 1968 Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan wa chama cha Labour, alipeleka bungeni muswada ambao ulipitishwa kwa muda wa siku tatu na kuwa sheria tarehe 1 Machi. Sheria hiyo ilisema kwamba mwenye pasipoti ya Uingereza hataingia kwa haki isipokuwa yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake, awe alizaliwa, aliasiliwa au aliandikishwa uraia katika Uingereza kwenyewe. Wengine wangegawiwa vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa kaya.

Rangi haikutajwa popote, wala haikuwa na haja ya kutajwa. Mlowezi wa Nairobi alikuwa na babu Yorkshire. Mwenye duka wa Nairobi alikuwa na babu Gujarat au Punjab. Pasipoti zao zilifanana kwa jalada na kwa maneno. Walikuwapo watu waliorushwa kwa ndege kutoka kiwanja hadi kiwanja kama mpira, kwa kuwa nchi waliyotoka haikuwataka na ile iliyoandikwa kwenye pasipoti yao haikuwapokea.

Si wote waliokubali. Iain Macleod wa chama cha Conservative, aliyekuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1959 hadi 1961, aliandika hadharani kwamba ahadi ilitolewa kwa watu hao na kwamba yeye angeitimiza. Akapiga kura dhidi ya muswada ambao viongozi wa pande zote mbili waliuridhia. Katika Baraza la Malodi alisimama Askofu Mkuu wa Canterbury, Michael Ramsey, aliyekuwa pia mwenyekiti wa kamati ya taifa iliyoshughulikia mambo ya wahamiaji wa Jumuiya ya Madola. Aliupinga muswada kwa hoja ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa nzito kuliko zote: nchi inavunja neno lake kwa watu iliowapa neno. Hakuomba huruma kwa maskini, alidai uaminifu.

Wiki chache baadaye, tarehe 20 Aprili 1968, Enoch Powell alitoa katika mji wa Birmingham hotuba yake mashuhuri ya kutabiri maafa yatakayoletwa na wahamiaji. Kiongozi wa chama chake, Edward Heath, alimwondoa siku iliyofuata katika safu ya mawaziri kivuli. Nao wafanyakazi wa bandari wa London wakaandamana kumwunga mkono. Powell ndiye anayekumbukwa. Mimi naona kwamba Callaghan, mtu mpole asiye na matusi, alifanya kwa siku tatu jambo zito kuliko maneno yote ya Powell, kwa kuwa alionyesha kwamba uraia unaweza kubaki katika pasipoti huku kiini chake kimetolewa. Haki ya kwanza ya raia ni kuingia kwao.

Shauri lilifika kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg. Mwaka 1973 Tume iliona kwamba kuwabagua watu hadharani kwa ajili ya rangi yao kunaweza kuwa ni kuwatweza, nako ni kinyume cha Mkataba wa Ulaya. Walalamikaji walikuwa 31. Wale 25 waliokuwa raia wa Ufalme wa Muungano na Makoloni walipata ushindi. Sita waliobaki walikuwa "watu walio chini ya ulinzi", nao hawakupata. Mstari ule uliochorwa na mikataba ya himaya ulikuwa ungali unakata watu miaka mingi baada ya himaya zenyewe kwisha. Ripoti ya Tume haikutangazwa hadi mwaka 1994.

Haki inatudai tuseme pia kwamba mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, serikali ya Heath ilistahimili kelele na kupokea watu wapatao 28,000. Tena sheria ya mwaka 2002 iliwafungulia mlango wa uraia kamili wale waliokuwa wamebaki na pasipoti hizo pungufu bila uraia wa nchi nyingine yoyote.

Visiwa viwili

Sheria ya Uhamiaji ya 1971 ilikamilisha kazi kwa kugawa watu wenye asili ya kisiwa na wasio nayo. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1973, siku ile ile Uingereza ilipoingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Kwa siku moja Mfaransa alipata njia na mtu wa Barbados akaipoteza. Sheria ya Uraia ya 1981, iliyoanza kutumika mwaka 1983, ilifanya uraia ufuate uhamiaji: uligawanywa katika madaraja, la juu kwa walio na haki ya kuishi Uingereza na ya chini kwa mabaki ya dola. Ndiyo pia iliyofuta kanuni ya kesi ya Calvin. Tangu hapo kuzaliwa katika ardhi ya mfalme hakutoshi. Lazima mzazi mmoja awe raia au mkazi wa kudumu.

Wakazi wapatao 1,800 wa visiwa vya Falkland nao walijikuta hatarini, kwa kuwa wengi wao wangewekwa katika daraja la chini. Tarehe 2 Aprili 1982 Argentina ikavivamia visiwa hivyo, Uingereza ikapeleka majeshi, na tarehe 14 Juni ikashinda. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya kuwapa uraia kamili. Watu wa Hong Kong, zaidi ya milioni tano, hawakupewa. Kwamba wa kwanza walikuwa wachache na weupe, na wa pili wengi na Wachina, kila mtu aliliona.

Vita hivyo vilileta pia jambo linalohusu Kanisa. Katika Kanisa la England mfalme au malkia ndiye mkuu wa kidunia, na maaskofu wake huketi bungeni. Kwa hiyo ibada ya ushindi ni jambo la dola. Tarehe 26 Julai 1982 ibada ilifanyika katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Askofu Mkuu Robert Runcie alihubiri juu ya huzuni ya pande zote mbili, akawaombea pia waliofiwa wa Argentina. Wabunge kadhaa na magazeti walikasirika. Walitazamia shukrani kwa ushindi. Runcie hakuwa mtu aliyeogopa vita. Alikuwa afisa wa vifaru katika Vita vya Pili vya Dunia na alitunukiwa nishani ya ushujaa. Lililobishaniwa lilikuwa kama kanisa la taifa laweza kuipenda nchi bila kusema kwamba maombolezo ya adui si maombolezo.

Mtihani wa kriketi

Mwandishi George Orwell, katika insha ya mwaka 1945, alitenganisha uzalendo na utaifa. Uzalendo kwake ni kupenda mahali na maisha fulani bila kutaka kuwalazimisha wengine. Utaifa ni tamaa ya nguvu iliyovaa nguo za taifa. Wanasiasa wa Uingereza hupenda kurudia tofauti hiyo, kila mmoja akijihesabu upande wa kwanza.

Mwaka 1990 Norman Tebbit wa chama cha Conservative alipendekeza kipimo chake: wahamiaji na watoto wao watazamwe wanashangilia timu gani katika kriketi, ile ya England au ile ya nchi walikotoka. Mwaka 1993 Waziri Mkuu John Major alitoa taswira ya Uingereza isiyobadilika: vivuli virefu katika viwanja vya kriketi na bia isiyopozwa. Picha hiyo ni ya kupendeza, lakini ni ya kusini mwa England. Haina Glasgow wala mashimo ya makaa ya mawe ya Wales, na msikiti wa Bradford haumo.

Kasoro ya kipimo cha Tebbit ni kwamba anayekipita hapewi cheti. Tarehe 11 Julai 2021 timu ya kandanda ya England ilishindwa na Italia kwa mikwaju ya penalti katika fainali ya Ulaya. Vijana watatu weusi, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walikosa penalti zao. Hawakuwa watazamaji walioshangilia England; walikuwa wamevaa jezi yake. Usiku ule ule walitukanwa kwa rangi yao. Yatupasa kuongeza kwamba picha ya Rashford ukutani huko Manchester, ilipochafuliwa, ilifunikwa na watu wa mtaa kwa barua na maua mpaka uchafu haukuonekana.

Chama cha Labour kilichoingia madarakani mwaka 1997 kilijaribu njia ya darasa. Kamati iliyoongozwa na mwanachuoni Bernard Crick ilitoa ripoti mwaka 1998, na mwezi Septemba 2002 uraia ukawa somo la lazima katika shule za sekondari za England. Crick alitaka watoto wajue kujadiliana, kuuliza na kushiriki. Hakutaka wafundishwe kuisifu nchi. Kwa wageni waombao uraia wa tajnisi palianzishwa sherehe, ya kwanza ikifanyika Brent, London, mwezi Februari 2004 mbele ya Mwana Mfalme Charles. Na mwaka 2005 ukaanza mtihani wa maswali 24 juu ya historia na maisha ya nchi. Magazeti hupenda kuonyesha kwamba wazaliwa wengi wangeushindwa.

Kiapo cha sherehe hiyo kinastahili kutazamwa. Mwombaji huapa kwanza utii kwa mfalme na warithi wake. Kisha huahidi kuheshimu haki, uhuru na demokrasia. Sehemu ya kwanza ni ya mwaka 1608, ya pili ni ya wakati wetu. Mzaliwa wa nchi haapi lolote katika maisha yake, asipokuwa askari, mbunge au mfano wa hao. Mwezi Mei 2023, Charles alipotawazwa, watu wote walialikwa kutamka utii kwake wakiwa majumbani mwao. Malalamiko yalikuwa makubwa hata mwaliko ukalegezwa maneno. Jambo lililoonekana la ajabu kwa wenyeji ndilo ambalo mgeni hulipia zaidi ya pauni 1,500 apate kulitamka.

Gordon Brown, mwaka 2006, alihimiza siku maalumu ya kuadhimisha Uingereza, haikuanzishwa. Baada yake ikaja orodha ya "tunu za msingi za Uingereza", iliyoandikwa kwanza mwaka 2011 katika mpango wa kuzuia ugaidi na kutiwa mkazo shuleni mwaka 2014: demokrasia, utawala wa sheria, uhuru wa mtu binafsi, kuheshimiana na kuvumilia imani za wengine. Hakuna awezaye kuzipinga tunu hizo, na kwa sababu hiyo hiyo ni vigumu kuona kwa nini ziitwe za Uingereza na si za Denmark. Zaidi ya hayo, zilizaliwa katika waraka wa usalama. Kijana wa Kiislamu alizisikia kama swali la polisi.

Kuthibitisha kwamba upo

Mwaka 2018 mambo haya yote yalikutana. Sheria za mwaka 2014 na 2016 zilikuwa zimewataka waajiri, wenye nyumba na hospitali kudai hati za kila mtu ili wasio na haki wasipate pa kushika. Wa kwanza kukosa pa kushika walikuwa wazee waliofika wakiwa watoto, kabla ya tarehe 1 Januari 1973, kwa pasipoti za wazazi wao. Sheria ya 1971 iliwapa haki ya kukaa lakini haikuwapa karatasi. Kadi za kufikia nchini ambazo zingewathibitisha ziliteketezwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Watu waliofanya kazi na kulipa kodi miaka arobaini walipoteza ajira, walinyimwa matibabu, wakawekwa vizuizini. Watu wasiopungua 83 yumkini walifukuzwa nchini kimakosa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alijiuzulu Aprili 2018. Watu hao walipewa jina la ile meli, Windrush.

Upande wa pili wa jambo ni uwezo wa waziri kumvua mtu uraia kwa manufaa ya umma, ambao umepanuliwa mara kadhaa tangu 2002. Kesi iliyojulikana sana ni ya Shamima Begum, mzaliwa wa London aliyekwenda Syria mwaka 2015 akiwa na miaka 15 kujiunga na kundi la Dola ya Kiislamu, akavuliwa uraia mwaka 2019. Sheria hairuhusu mzaliwa aachwe bila uraia wowote. Serikali ilidai kwamba alikuwa na uraia wa Bangladesh kwa kurithi, nayo Bangladesh ikamkana. Mahakama ya Rufaa iliikubali hoja ya serikali Februari 2024. Mtu aweza kumwona binti huyo kuwa mhalifu na bado akaona tatizo. Mzaliwa asiye na asili ya kwingine havuliki uraia hata akifanya nini. Jirani yake, mzaliwa wa hospitali ile ile, anavulika kwa sababu ya wazazi wake. Babu na bibi wa mwaka 1968 wamerudi, safari hii kwa watu waliozaliwa ndani.

Mei 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alionya kwamba pasipo kanuni thabiti nchi ingeweza kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Wengi walisikia mwangwi wa Powell, na mwezi uliofuata alisema anajutia maneno hayo. Majira yale ya joto bendera za Mtakatifu George na za Muungano zilitundikwa kwenye nguzo za taa katika miji mingi ya England. Wengine walisema ni upendo wa nchi tu. Wengine, hasa waliokuwa na maduka na ngozi nyeusi, walisema wanajua zinamwambia nani nini. Bendera ile ile iliweza kuwa yote mawili katika mtaa mmoja.

Mataifa manne

Hata wenyeji hawakubaliani ni wa nani. Katika sensa ya England na Wales ya mwaka 2011, asilimia 57.7 walijiandika kuwa Waingereza wa England tu, na asilimia 19.1 raia wa Britania tu. Mwaka 2021 wa kwanza walikuwa asilimia 14.9 na wa pili 54.8. Je, taifa liligeuka kwa miaka kumi? La hasha. Katika fomu za England jibu la "Britania" lilihamishwa likawekwa juu ya orodha. Anayejenga siasa juu ya utambulisho wa watu na aikumbuke fomu hiyo.

Uskoti, ilipopiga kura ya kujitenga tarehe 18 Septemba 2014, ilimhesabu mpiga kura kwa makazi. Mpolandi aliyeishi Edinburgh alipiga kura; Mskoti aliyehamia London hakupiga. Asilimia 55.3 walikataa kujitenga. Hata chama cha utaifa cha Uskoti kilikubali kwamba mwenye haki ya kuamua ni mkazi, haidhuru damu yake.

Imebaki Ireland ya Kaskazini. Huko bendera ziliwekwa kwenye nguzo na kingo za barabara zikapakwa rangi zake miongo mingi kabla ya England, na watu zaidi ya 3,500 walikufa kati ya miaka ya sitini na mwisho wa miaka ya tisini katika ugomvi wa nchi ile ni ya nani. Mkataba wa tarehe 10 Aprili 1998 ulitambua haki ya mwenyeji wa huko kuhesabiwa kuwa Mwairishi, au mtu wa Britania, au vyote viwili, kama yeye mwenyewe atakavyochagua, na kushika uraia wa nchi zote mbili. Haulizwi babu yake alizaliwa upande gani wa kisiwa, wala anashangilia timu gani. Katika ufalme wote ni huko tu ambako mkataba umemwachia mtu kujitaja mwenyewe, na uliandikwa baada ya mazishi mengi.